Gitaa langu likiingia kanisani linageuka uji

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Tanga, umri miaka 33. Gitaa nimelianza ukubwani, miaka minne iliyopita, babu yangu alipofariki na kuniachia boksi la santuri pamoja na gitaa lililopasuka tumbo. Babu alikuwa akipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kwa mtindo wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo. Mimi nikaangukia kwenye gitaa la kiklasiki, la nyuzi za nailoni, kwa sababu ndilo nililolipata kwa bei niliyoiweza. Najifunza kwa video, na kuna mwalimu anayenipitia Jumamosi mbili kwa mwezi.

Dada yangu anaolewa baada ya wiki tano. Ameniomba nimpigie wakati anaingia kanisani. Nimeandaa vipande viwili: Lágrima (maana yake "chozi") ya mtunzi Francisco Tárrega, na prelude (kipande cha ufunguzi) ya Bach ya cello iliyopangwa upya kwa gitaa, ile ambayo uzi wa sita unashushwa hadi D. Nyumbani vyote vinakwenda. Mke wangu, ambaye hana desturi ya kunisifu, alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka nikamaliza.

Alhamisi iliyopita paroko aliniruhusu kujaribu kanisani. Kanisa letu ni la zamani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, mabenchi ya mbao, hakuna pazia, na zulia ni kipande tu mbele ya madhabahu. Nimelipima kwa hatua. Urefu kama mita 24, upana 10, dari nakisia mita 9. Nilipiga kofi moja nikaangalia saa. Sauti ilikaa karibu sekunde nne ndipo ikapotea. Nikaanza Bach. Mama, baada ya mistari miwili sikujua nilipo. Noti zilirundikana, mpya juu ya za zamani, na besi ikanguruma kama lori lililoegeshwa bila kuzimwa. Nikaongeza nguvu ili nijisikie, kelele ikazidi. Nikaongeza kasi ili nimalize, vidole vikaanza kutetemeka. Niliishia katikati.

Waliokuwepo kila mmoja ana dawa yake. Mwalimu wa kwaya anasema nipige kwa nguvu, kanisani si mahali pa kunong'ona. Fundi mitambo anataka kuniwekea maikrofoni na kuipeleka kwenye spika sita za ukutani. Rafiki yangu mpiga gitaa wa bendi anasema tatizo ni nailoni, niweke nyuzi za chuma. Mpiga kinanda hakusema kitu, alitabasamu tu. Nadhani anajua kazi itamrudia.

Je, tatizo ni mimi au ni jengo? Maikrofoni niikubali? Au nimwambie dada mapema atafute mtu mwingine?

Mwalimu wa Hesabu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na nyuzi za chuma, maana hilo halingoji. Usiweke. Seti ya kawaida ya nailoni hulivuta gitaa kwa jumla ya kilo kama 40. Seti nyepesi ya chuma huvuta 70 na zaidi. Gitaa lako halikujengwa kubeba mzigo huo; daraja, yaani ubao unaoshika nyuzi, litabanduka au uso utavimba, na utabaki na magitaa mawili yaliyopasuka tumbo badala ya moja. Rafiki yako mshukuru, mpe chai, mzungumze habari za mpira.

Sasa jengo. Umeniletea vipimo, na kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yako, nitakurudishia hesabu. Kofi na saa ya simu si kipimo cha maabara, lakini kinatutosha. Wenye fani wakisema mvumo wa sekunde nne, wana maana kwamba sauti huchukua sekunde nne kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Gawanya: desibeli 15 kwa kila sekunde. Tuseme Bach unaipiga kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika kwenye metronomu, noti nne kwa kila pigo. Hiyo ni noti moja kila sekunde 0.21. Kwa hiyo unapopiga noti, iliyoitangulia imeshuka desibeli 3 tu. Ya nyuma yake imeshuka 6, na ya nyuma zaidi 9. Wewe umepiga moja, watu wanasikia nne, na hizo nne Bach hakuziandika zisikike kwa pamoja.

Sebuleni kwako, kwenye makochi na mapazia, mvumo ni kama nusu sekunde. Noti ya nyuma inakuwa imeshashuka desibeli 25 mpya inapoingia. Imekwisha kuzikwa. Ndiyo maana mkeo alisimama na mwiko.

Kuna jambo jingine kwenye vipimo vyako ambalo wapigaji wengi hawalijui. Katika jengo la ukubwa huo lenye mvumo huo, ukisogea mita moja na nusu hivi kutoka kwenye gitaa, sauti inayorudi kutoka kuta na dari tayari inalingana na ile inayotoka kwenye gitaa lenyewe. Benchi la kwanza liko mbali kuliko hapo. Maana yake hakuna mgeni hata mmoja wa dada yako atakayesikiliza gitaa lako peke yake. Wote watasikiliza kanisa likiwa na gitaa ndani yake. Mimi hulihesabu jengo kuwa uzi wa saba. Ukishaupiga huna kidole cha kuuzima, kwa hiyo unachoweza kuchagua ni nini uupe na kwa wakati gani.

Hapo ndipo mwalimu wa kwaya alipokosea, ingawa kwa kwaya ana haki. Ukipiga kwa nguvu, noti mpya inapanda na mvumo wake unapanda nao sawasawa. Uwiano haubadiliki. Uji unabaki uji, umezidi moto tu.

Kabla hujakata tamaa, sikiliza habari ya mito ya viti. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimkabidhi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi mpya wa mihadhara ambamo msemaji alikuwa haeleweki: neno lilikaa hewani sekunde tano na nusu. Sabine akawa anabeba mito ya viti usiku kutoka kwenye ukumbi mwingine wa chuo, anaipanga, anapuliza bomba la kinanda, anapima kwa saa mpaka sauti iishe, anaongeza mito, anapima tena. Aligundua kwamba hata nguo alizovaa yeye mwenyewe zinabadilisha jibu, akawa anavaa zilezile kila usiku. Kutoka hapo ilitoka kanuni ambayo hadi leo tunaitumia: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi, gawanya kwa eneo linalonyonya sauti.

Ujazo wa kanisa lako ni mita za ujazo 2,160. Ili upate sekunde nne, eneo la kunyonya ni kama mita za mraba 87 tu, likiwa tupu. Sasa mtu mmoja aliyeketi hunyonya karibu nusu mita ya mraba. Waweke wageni 200, na vitenge vyao, suti zao, na vilemba vya wakwe. Fanya hesabu mwenyewe ubaoni. Mvumo utaanguka karibu nusu, kwenye sekunde mbili hivi. Kanisa ulilolijaribu Alhamisi silo utakalolipigia siku ya harusi.

Lakini sekunde mbili si nusu sekunde ya sebuleni kwako, na bado umeuliza kama tatizo ni wewe. Ni wewe pia. Nitakuambia kitu ambacho mwalimu wako wa Jumamosi pengine hajafika, maana wengi huanza na mkono wa kulia kupiga na hawafiki kwenye mkono wa kulia kuzima.

Fanya hivi leo usiku. Piga Lágrima polepole, na kila besi inapobadilika simama ghafla. Usiguse kitu. Sikiliza: je, besi ya zamani bado inalia chini ya mpya? Nakuhakikishia mara nyingi utaikuta. Uzi wa besi ulio wazi, usiobonyezwa na kidole, ukiachwa hulia sekunde kadhaa, popote pale, hata chooni. Nyumbani hukuusikia kwa sababu masikio yako yanafuata wimbo ulioko juu. Mawe hayana upendeleo huo. Kinyume chake, ukuta mtupu na hewa humeza sauti za juu kwanza, na za chini ndizo zinazodumu. Lile lori lililokuwa likinguruma ni uzi wako wa sita.

Kuzima kwenyewe si kugumu, ni kuchosha tu mpaka kuzoeleke. Ukitoka uzi wa tano kwenda wa sita, piga wa sita kwa gumba na uliache gumba liangukie wa tano, kwa mtindo uitwao apoyando. Wa tano umezimika bila kazi ya ziada. Ukitoka wa sita kwenda wa tano, ndipo penye mtihani: piga wa tano, halafu mara moja rudisha gumba liguse wa sita. Liguse tu, lisibonyeze, la sivyo utasikia mlio wa pili. Wanafunzi wangu huwafanyisha hicho tu, nyuzi mbili, dakika kumi kwa siku, wiki nzima, bila wimbo wowote. Wananichukia siku ya nne. Mkono wa kushoto nao unasaidia, ncha ya kidole ikiegemea uzi wa jirani usiotakiwa. Babu yako, kama kweli alipiga kwa mtindo ule wa Katanga, alijua kazi ya gumba kuliko wewe na mimi.

Halafu kuna Lágrima yenyewe. Sehemu ya kwanza iko kwenye E meja, ya katikati inageuka E maina, kisha unarudi mwanzo. Badiliko kuu ni noti ya tatu ya ngazi, inashuka nusu hatua, na machozi yote ya kipande hicho yamo humo. Sasa fikiri: ile ya juu bado imening'inia darini, wewe unaingia na ya chini. Zitagombana juu ya kichwa cha bibi harusi. Kwa hiyo ukimaliza sehemu ya kwanza, zima nyuzi zote kwa kiganja, inua macho, ngoja. Usihesabu moja, mbili, tatu; sikiliza tu mpaka kanisa limalize kusema. Ndipo uingie. Utaona ni muda mrefu mno. Waliokaa hawataona hivyo.

Na mwendo upunguze kwa kipande chote, hasa mwisho wa kila sentensi. Mkono wa kulia usogeze kidogo kuelekea daraja, sauti iwe na makali kidogo. Sebuleni utajiona mkavu, kanisani itasikika kama mtu anayetamka maneno vizuri. Besi zipigwe nyepesi kuliko ulivyozoea.

Bach iache. Najua inauma. Mwanzo wake kabisa ungekubali, kwa sababu besi inakaa palepale na kila kitu kinapita juu yake, lakini kuanzia hapo mambo yanageuka kila baada ya muda mfupi na jengo halitakupa nafasi. Hata ukishuka hadi 56, na kanisa limejaa, noti ya nyuma itakuwa imeshuka kama desibeli 8. Kwa mpigaji wa miaka ishirini hiyo ni nafasi ya kutosha kufanya kazi. Kwa mpigaji wa miaka minne anayetetemeka, katika harusi ya dada yake, hapana. Ipige mwakani, Jumapili jioni, peke yako na paroko.

Wala usilichukie jengo. Julian Bream, Mwingereza aliyepiga gitaa hili vizuri kuliko karibu wote wa karne yake, alirekodi santuri zake nyingi ndani ya kanisa dogo la kasri la Wardour huko Wiltshire, na sababu ni mvumo. Nailoni ina sauti fupi inayokufa mapema. Mahali pa mawe huirefusha, huiunganisha, huifanya iimbe. Mimi mara yangu ya kwanza, nikiwa na miaka 26, nilikaa katikati kabisa chini ya kuba nikapiga zoezi la haraka la Fernando Sor, mtunzi wa gitaa. Padre alinifuata baadaye akanishukuru sana kwa kinanda.

Kwa hiyo kuhusu pa kukaa: usikae katikati, wala chini ya dari lililopinda kama lako ni la namna hiyo. Kaa pembeni karibu na maharusi, ukuta au ubao ukiwa nyuma yako kwa umbali wa mita moja hivi, miguu kwenye mbao au saruji, lile zulia liache. Ukuta ulio karibu huirudisha sauti mapema kiasi kwamba sikio huihesabu kuwa sehemu ya noti yenyewe, na inaongeza nguvu bila kuongeza uji.

Maikrofoni? Spika sita za ukutani, hapana. Kila moja itazijaza kuta upya, na watu watasikia mivumo sita. Kama mabenchi ya nyuma yana watu wasiosikia kabisa, mwombe fundi spika moja ndogo, iwekwe karibu nao, ielekee kwao na isielekee ukuta, sauti chini mpaka wasijue kama ipo. Akibisha, mwambie amsikilize msomaji wa somo la kwanza Jumapili kupitia hizo spika zake, akiwa amekaa benchi la mwisho.

Ila kuna jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ni kubwa kuliko yote uliyouliza. Unataka kupiga Lágrima dada yako anapoingia? Mwanangu, hiyo ni Tanga. Mlango ukifunguka, shangazi zako watapiga vigelegele, vijana watasukumana na simu, watoto watakimbia mbele ya wapambe. Na wana haki, siku hiyo ni yao pia. Hakuna gitaa la nailoni litakaloshindana na shangazi mmoja, sembuse kumi na wawili. Kipande chenyewe ni cha dakika mbili hivi, na dada yako akitembea kama mabibi harusi wanavyotembea siku hizi hatakuwa amefika nusu ya njia.

Mwachie mpiga kinanda maingilio. Mpe kwa roho safi, utaona tabasamu lake linabadilika. Wewe omba wakati wa kutia saini hati ya ndoa, au baada ya komunyo. Hapo watu wameketi, wamechoka kupiga kelele, kanisa limejaa miili inayonyonya sauti, na dada yako amesimama mita tatu kutoka kwako badala ya mita 24. Zungumza na paroko wiki hii, maana ratiba za harusi hufungwa mapema, na mwambie dada yako kwa maneno yako mwenyewe asije akadhani umemkimbia.

Kutetemeka ni jambo la kawaida na dawa yake ni moja tu, kupigia watu. Wiki ya kwanza na ya pili fanya kazi ya kuzima besi, taratibu. Kuanzia ya tatu, tafuta chumba kinachovuma: darasa tupu la shule yako jioni, viti vikiwa vimepangwa ukutani, ndicho kitakachokukaribia. Weka simu kwenye dawati la nyuma, rekodi, sikiliza kesho yake usipokuwa na hasira. Kisha waalike walimu wenzako watatu au wanne baada ya vipindi. Jizoeze kuanza kutoka sehemu tatu tofauti ndani ya kipande, ili ukipotea uwe na pa kurukia mbele badala ya kuishia katikati kama ulivyofanya Alhamisi. Na rudi kanisani angalau mara mbili, moja kati ya hizo iwe mara tu baada ya misa, watu wakiwa bado wanatoka.

Nyuzi mpya funga siku nne au tano kabla, usiweke asubuhi ya harusi; nailoni mpya huvutika mno, na joto la pwani halitakusaidia. Kucha ziangalie usiku wa kuamkia. Shati la mikono mirefu lisilo na vifungo vikubwa vya kugonga uso wa gitaa.

Na mwombe fundi mitambo, kwa heshima kwa sababu umeshamkatalia spika zake, azime feni za upande wa madhabahu dakika moja kabla hujapiga. Feni kuukuu ikilia kwa sauti isiyolingana na uzi wako wa tano, hata mimi ningetetemeka.